Chuo Kimesema Tusubiri

Jumatano ya Majivu, 8 Februari 1989

Daftari hili ni la toba. Padre ndiye aliyeagiza. Kila nikienda kuungama nasahau nusu ya dhambi, na nusu ninayoikumbuka, anasema, naisimulia kama vile mimi ndiye niliyeonewa. Akaniambia: Theoneste, Kwaresima hii andika. Kila kosa na siku yake, uje unisomee kabla ya Pasaka. Basi naandika. Nilisoma mpaka darasa la nne kwa wamisionari, mwandiko ninao.

Dhambi ya leo: nimefungua barua isiyo yangu.

Ni ya binti yangu Anonciata. Alimaliza kidato cha nne Novemba, akaomba chuo cha uuguzi cha masista. Kazi hiyo anaitaka tangu ana miaka tisa, tangu mdogo wake alipokufa kwa surua na sisi tumekaa tunamtazama tu. Toka Desemba anasubiri jibu. Barua za kijiji chetu cha Kimuli karibu zote zinapitia sanduku la posta la Ramadhani mwenye duka. Leo natoka kupakwa majivu akaniita, akanikabidhi. Nikasema nitaifikisha. Nikaifungulia nyuma ya duka, majivu bado yako usoni.

Inasema ombi limepokelewa, ila uamuzi umeahirishwa mpaka matokeo ya kidato cha nne yatakapotoka. Imesainiwa na Sista Adelgunda, Mkuu wa Chuo.

Nimeisoma mara tano. Hawajakubali. Hawajakataa. Mtihani mtoto ameshafanya, kalamu ameshaweka chini, sasa wanasubiri nini tena? Nikamuuliza Ramadhani. Akasema maana yake msubiri. Nikamwambia hilo nimeliona, nauliza wanataka nini. Akasema, wanataka msubiri, Mzee Theo, mbona barua iko wazi kama mchana. Watu wa dukani hawana undani.

Anonciata ameisoma mara moja tu. Akaikunja, akasema sawa Baba, tutasubiri, akaenda kupalilia maharage. Hakuuliza kwa nini bahasha imefunguka. Hilo ndilo linaniuma.

Ijumaa, 10 Februari

Nimeelewa. Nilikuwa napunguza majani ya migomba, panga mkononi, likanijia lote kwa mara moja.

Nilipokwenda kumposa Costansia, baba yake hakunikataa. Alisema: tumewasikia, subirini kwanza. Mimi nikarudi nimenyong'onyea. Baba yangu akanicheka njia nzima. Kwetu mzazi hakatai mtu mdomoni, wala hakubali siku ya kwanza. Akisema subirini, maana yake ulichobeba hakijatosha, na aliyekusemea hajui kusema. Unarudi na pombe zaidi, na mshenga mwenye maneno. Mimi safari ya tatu nikapewa mke.

Sasa masista nao wana wasichana ndani ya uzio wao, wanawalea, wanawafunga milango saa kumi na mbili. Wazazi hao. Wamesema subirini. Na sisi tulipeleka nini kwao? Karatasi. Bahasha moja kavu, hakuna hata mtu wa kuisemea. Mimi mwenyewe ningekuwa wao ningesema subirini.

Nimemweleza mke wangu. Costansia akaacha kumenya ndizi. Akasema, Baba Anonciata, wale ni masista, wanafundisha kupiga sindano, hawaozeshi. Nikamwambia sijasema kuozesha, nimesema adabu. Akasema ukwe una mlango wake na chuo kina mlango wake, na wewe siku zote unaingilia dirishani. Nikamjibu kwamba ndiyo maana wanawake hawatumwi ushenga.

Dhambi: nimemdharau mke wangu. Ila hoja yake bado sijaielewa.

Jumapili, 12 Februari

Baada ya misa nimekutana na Celestin, jirani yangu wa mpaka mmoja. Binti yake Mukabera aliomba chuo hicho hicho. Amepata barua hiyo hiyo, neno kwa neno. Nikamuuliza, wewe unafanya nini? Akasema, nasubiri.

Nimemtazama machoni. Celestin huyu huyu ambaye kila mwaka mpaka wake unaingia kwenye kibanja changu kwa hatua moja, bila mtu kumwona na jembe. Anasubiri tu?

Mchana nikapita kwake. Sema nilipitia nyuma, kwenye kahawa, nikiwa nimeinama. Nikaona mtumbwi wa kukamulia umewekwa, nyasi zimekatwa, ndizi zimeiva njano, na wanaume wawili wanakanyaga. Rubisi, pombe ya ndizi! Nikainuka, nikasalimia kama mtu aliyekuja kwa njia. Celestin hata hakushtuka. Nikauliza pombe ya nani hii, Kwaresima hii. Akasema ya watu watakaomsaidia kulima wiki ijayo, shamba halijui Kwaresima. Akaniuliza kama nimepoteza mbuzi, maana nina majani kichwani.

Pombe ya kulima. Anafikiri mimi ni mtoto. Ile inakwenda kwa masista.

Nina mikungu imefukiwa shimoni kwa ajili ya Pasaka. Kesho naifukua. Costansia nimemwambia imeanza kuoza.

Dhambi: wivu, uongo, na kuchungulia. Tatu kwa siku moja, lakini zimetokana na jambo moja, sijui zinahesabiwaje.

Jumamosi, 18 Februari

Jana sikuandika. Miguu.

Tulikwenda wawili, mimi na Xaveri. Xaveri ndiye mdomo wa Kimuli. Ameshaozesha mabinti kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa hataki. Nilimpa barua ya Sista aisome kwanza, akanirudishia. Akasema, mzee mwenzangu, kazi yangu ni kusema, kusoma kunanichanganya.

Baiskeli mbili, vibuyu vinne vya rubisi. Tuliondoka alfajiri, tukafika saa nane. Jua lilikuwa kali na rubisi ilikuwa bado changa, inachemka ndani. Tukikaribia geti, kizibo cha kibuyu kimoja kikaruka, Xaveri akalowa kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Tukaingia hivyo hivyo. Masista na wanafunzi walikuwa wanatoka kwenye Njia ya Msalaba. Sikufikiria kuwa ni Ijumaa.

Sista Adelgunda ni mwanamke mfupi, mwenye miwani, anayesema polepole kama mtu anayepima dawa. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akatukaribisha kwenye benchi, akalisogeza lake mbali kidogo na Xaveri.

Xaveri akavua kofia, akaanza. Akasema kwetu kuna ndama. Ndama amekua, anaangalia zizi la hapa, hali majani ya kwetu tena. Mlituambia tusubiri, tumesikia, hatukuja kubishana, tumekuja kukumbusha. Maneno matamu. Mimi mwenyewe machozi yalinilenga.

Sista akauliza ndama yupi. Nikasema ni Anonciata, wa Kimuli, aliyeomba chuo. Akaandika jina. Akauliza hii pombe ni ya nini. Xaveri akasema ni ya kufungua mdomo. Sista akavitazama vibuyu. Halafu akauliza, polepole sana: je, huyu binti anaolewa?

Sasa mshenga hasemi hapana. Akiulizwa swali lolote na upande wa pili, analirudisha kwa heshima. Xaveri akainamisha kichwa, akasema, hilo, mama, liko mikononi mwenu. Mimi nikatikisa kichwa kukubali. Sista akauliza, lini? Xaveri akasema, hata kabla ya Pasaka, mkipenda.

Akaandika hilo pia. Kwa kalamu nyekundu. Nikamkanyaga Xaveri mguu kwa furaha.

Akatushukuru, akasema pombe tuirudishe. Hiyo tulikuwa tunaitegemea, safari ya kwanza lazima ikataliwe. Tukaiacha kwa mlinzi wa geti, ambaye alitupokea kwa heshima kuliko mtu yeyote pale.

Dhambi ya jana siioni. Nimeitafuta.

Jumanne, 28 Februari

Barua imekuja. Safari hii Ramadhani amempa Anonciata mkononi mwake, mimi nimesikia ikisomwa uani.

Inasema chuo kimearifiwa na familia yenyewe kuwa mwombaji anatarajia kuolewa kabla ya Pasaka. Inasema chuo hakipokei msichana aliye katika mipango ya ndoa. Familia isipothibitisha vinginevyo kabla ya tarehe kumi Machi, jina litaondolewa, hata matokeo yakiwa mazuri.

Anonciata akairudia tangu mwanzo.

Costansia akasema, umemwoza mtoto kwa masista.

Anonciata hakulia. Afadhali angelia. Aliniuliza tu: Baba, naolewa na nani? Nikamwambia mama, ngoja nikueleze. Akangoja. Akasimama pale na barua, ananingoja kweli. Nilimweleza habari za babu yake, za safari tatu, za vibuyu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, Baba, walichokuwa wanasubiri ni namba ya matokeo. Namba tu, kutoka Dar es Salaam.

Namba! Mtu unampokea au humpokei kwa sababu unamjua, si kwa namba. Hilo nalo sikulisema.

Jioni ameniletea chakula, akakiweka, akatazama upande. Nimemkosea mtoto. Padre, hili usilisome haraka.

Alhamisi, 2 Machi

Nimekwenda kwa katibu wa kijiji kuomba karatasi yenye muhuri kwamba Anonciata haolewi. Katibu akasema hawezi kupiga muhuri kitu kisichokuwepo. Angekuwa anaolewa, angeandika anaolewa. Haolewi, hakuna tukio. Nikamuuliza, sasa nifanyeje? Akasema kwa mzaha, niletee aliyekataliwa, huyo nitampigia muhuri.

Alikuwa anacheka, lakini mimi nimeona njia.

Nikaenda kwa Rwegasira, fundi baiskeli pale senta. Miaka thelathini na minane, hana mke, mtu mpole, anaongea zaidi na minyororo kuliko na watu. Nikamweleza: nataka usaini kwamba ulimposa binti yangu ukakataliwa. Akafuta mikono kwenye tambara muda mrefu. Akasema, mzee, mimi sijamposa. Nikasema najua. Akasema basi huo utakuwa uongo, na hii ni Kwaresima.

Nimeona aibu mbele ya fundi baiskeli.

Akafikiri tena. Akasema, nije nipose, wewe unikatae, halafu nisaini kwa moyo safi. Nikamkumbatia na grisi zake. Atakuja Jumapili.

Costansia na Anonciata sijawaambia. Wangechanganyikiwa bure.

Jumapili, 5 Machi

Naandika kila kitu kwa mpangilio ingawa kichwa changu hakina mpangilio.

Saa nane Rwegasira akafika. Koti, viatu, nywele zimechongwa. Nyuma yake wajomba wawili, vibuyu vitatu, na Xaveri. Nikamvuta Xaveri pembeni nikamuuliza yuko upande wa nani. Akasema, leo niko kwa Rwegasira, kazi ni kazi.

Costansia akatoka jikoni, akawaona, akanitazama, akarudi ndani. Nikasikia sufuria ikianguka.

Xaveri akasimama, akasema maneno yake. Ndama yule yule. Akamaliza, wote wakanigeukia. Zamu yangu. Nilikuwa nimejiandaa, neno lenyewe ni moja. Nikafungua mdomo. Halikutoka. Padre, nakuapia halikutoka. Sijawahi kumsikia mzee yeyote akilisema mbele ya wageni walioketi, baba yangu hakulisema, baba mkwe wangu hakulisema. Ulimi ukaenda unakokujua. Nikasema: tumewasikia, subirini kwanza.

Wajomba wakapiga makofi. Mmoja akafungua kibuyu.

Hapo hapo Landrova ya masista ikaingia uani.

Sista Adelgunda akashuka. Alikuwa anatoka kwenye zahanati ya upande wa Nyakatuntu, akaona apite athibitishe kwa macho yake. Akathibitisha. Koti. Vibuyu. Xaveri amesimama katikati, mkono juu. Xaveri akamtambua, akawageukia wajomba akawaambia, huyu naye ni mzazi wa upande wa binti, mpisheni kiti.

Nikasema Sista, sivyo unavyoona. Akasema, mzee, naona pombe. Ni pombe?

Ndipo Anonciata akatoka jikoni, mikono ina masizi. Akawaamkia wajomba, shikamoo moja moja, hakumruka mtu. Akamgeukia Rwegasira. Akasema, kaka Rwegasira, asante kwa kuja. Mimi sitaolewa na wewe. Wala si subiri. Ni hapana.

Neno hilo lilikaa pale uani kama nyoka. Hakuna aliyejua aliweke wapi. Wajomba waliangalia chini. Rwegasira peke yake ndiye aliyesimama, akamshukuru, akaniuliza karatasi iko wapi asaini.

Halafu Anonciata akamgeukia Sista. Akasema, Sista, mtihani niliufanya mwenyewe. Mliniandikia nisubiri matokeo, nasubiri. Haya mengine si yangu. Sista akamuuliza kwa nini uuguzi. Akamweleza kuhusu mdogo wake. Si maneno mengi. Alisema yule mtoto alikuwa anaomba maji, na hakuna aliyejua kama apewe au asipewe, kila mtu alisema lake, na mpaka leo hajui. Alisema anataka kujua.

Mtoto yule angekuwa amepita miaka kumi na miwili sasa, na ningemfikiria kila siku kama ningeweza kustahimili. Nami nilikuwa mmoja wa waliosema asipewe.

Sista alivua miwani, akaifuta. Akachukua karatasi aliyokwisha kuisaini Rwegasira, akaisoma, akaitia mfukoni. Akasema jina linabaki mpaka matokeo yatoke. Akipanda gari akasema, kumbe nyumba hii ina mtu mmoja anayejua kusoma barua.

Nikamshukuru sana. Costansia ndiye aliyenieleza baadaye kwamba hakuwa ananisema mimi.

Jumatano, 15 Machi

Matokeo yametoka. Anonciata amekwenda shuleni kwao kusoma ubaoni, kwa miguu, akarudi anakimbia. Divisheni ya pili! Mukabera ya tatu. Wote wawili wanatosha.

Costansia amepiga vigelegele mpaka Celestin akaja. Amefurahi kweli, tumeshikana mikono. Nikamuuliza, sasa mwenzangu, niambie kama mwanaume, ile pombe yako ulipeleka lini? Akasema ipi? Ya kulima? Akanionyesha shamba. Limelimwa lote, safi, na mpaka umesogea.

Kwa hiyo yeye hakufanya chochote. Alikaa. Na mtoto wake amepata kama wangu. Nimekaa juu ya jiwe mpaka jua linazama nalitafuta hilo jambo maana yake.

Anonciata ameniletea chakula. Amekaa. Amekaa mpaka nikamaliza kula.

Jumanne, 21 Machi

Barua ya kupokelewa imefika. Aripoti tarehe tatu Aprili, na shuka mbili, ndoo na sabuni. Chini Sista Adelgunda ameongeza kwa mkono wake: mwanafunzi asindikizwe na mama. Baba mzazi anaombwa asifike chuoni.

Nimechukua daftari, nimekwenda kwa Padre, nimemsomea lote. Aliweka kiganja usoni tangu kwenye vibuyu mpaka mwisho, mabega yanatikisika, nadhani kwa uchungu. Akanipa malipizi: niwaombe radhi Costansia, Anonciata na Rwegasira, halafu niache chuo kiwe chuo, nisikiguse tena. Nikakubali kwa moyo wote. Radhi nimeomba. Anonciata akasema yameisha, Baba. Nimelia, si kidogo.

Niko njiani narudi, nalirudia lile neno la Sista kichwani. Asifike. Mwanzoni liliniuma. Halafu nikasimama katikati ya njia.

Mimi na mama yake Costansia hatujaonana uso kwa uso miaka ishirini. Akiniona mbele anaingia migombani, nami nageuka natazama kilima. Si kwamba tunachukiana. Ndivyo mtu anavyoheshimiana na mkwe wake. Mgeni tu ndiye anayeingia na kutoka apendavyo. Celestin hajaandikiwa asifike. Hata mstari mmoja. Maskini, anahesabiwa mgeni.

Basi yamekamilika. Na mkwe akikuheshimu hivyo hukai kimya. Ameniomba nisifike, sitafika, na Padre kasema nisikiguse chuo, sikigusi hata kwa kidole. Atakwenda Xaveri. Vibuyu sita vya shukrani, na Rwegasira ameazimisha baiskeli yenye breki. Nimempa Xaveri maneno machache tu, ayashike vizuri: aseme tumeshukuru, na kwamba nyumbani bado tuna mdogo wa Anonciata, Nyirabageni, yuko darasa la tano. Waanze kumsubiri.